Je, Nitoe Shafti ya Nyuma ili Gari Livutwe na Magurudumu ya Mbele Pekee?

Swali: Ndugu mhariri wa safu ya magari, mimi ni mwalimu na ninaishi Makete. Nina Subaru Forester ya mwaka 2003, otomatiki, injini ya lita 2 isiyo na turbo. Tangu mwezi wa tatu, kila ninapokata kona ya kubana kwa mwendo mdogo, hasa ninapoegesha shuleni, gari hujizuia kana kwamba nimesahau kuachia breki ya mkono, na chini husikika mishtuko. Fundi mmoja ameniambia dawa yake ni kutoa propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ili gari livutwe na magurudumu ya mbele tu, na kwamba nitapunguza pia matumizi ya petroli. Fundi wa pili anasema kuna fyuzi ya kuchomeka tu, na gari hubadilika lenyewe bila kufungua kitu. Nimsikilize nani? Naomba kuongeza kwamba mwezi wa pili nilibadilisha matairi mawili ya mbele, ya nyuma nikayaacha kwa kuwa bado yalikuwa yanafaa. — Mwalimu, Makete

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa mpangilio, maana jibu la tatizo lako kwa kiasi kikubwa limo katika sentensi yako ya mwisho. Kabla ya kugusa shafti wala fyuzi, chukua futi ya fundi cherehani na upime mzingo wa kila tairi, moja baada ya jingine, likiwa limejazwa upepo sawasawa na limeinuliwa kwa jeki, ukipitisha futi katikati ya kashata zake, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Subaru yenyewe imeweka kikomo cha robo inchi, yaani takriban milimita 6, kwa tofauti ya mzingo baina ya matairi manne. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu inalingana na milimita 1 tu ya uchakavu wa kashata.

Tufanye hesabu ya gari lako. Tairi la ukubwa wa 215/60R16, ambalo Forester nyingi za umri huo hutumia, likiwa jipya lina mzingo wa karibu milimita 2,087. Likichakaa kwa milimita 6, mzingo wake hushuka hadi milimita 2,050 hivi. Maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja tairi jipya litazunguka mara 479, na lile lililochakaa litazunguka mara 488. Magurudumu yako ya nyuma, kwa hiyo, yanayatangulia ya mbele kwa mizunguko 9 katika kila kilomita, hata barabara inapokuwa imenyooka kama rula. Ndani ya giaboksi, sehemu ya nyuma, kuna sahani za klachi zinazopeleka nguvu kwenye shafti ya nyuma, na hizo ndizo zinazolazimika kusuguana muda wote ili kuimeza tofauti hiyo. Kompyuta ya gari nayo, ikiona ekseli moja inazunguka upesi kuliko nyingine, hudhani kuna utelezi na kuzibana sahani zaidi. Unapokata kona ya kubana, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, sahani zilizokwisha kubanwa hazikubali kuachia, na gari hujizuia kama ulivyoeleza.

Sasa kuhusu fyuzi. Fundi wako wa pili anasema kweli. Forester za otomatiki za miaka ile zina tundu dogo ndani ya boneti lenye herufi FWD, ambalo kwa kawaida huwa tupu. Ukizima gari, ukachomeka humo fyuzi ya akiba na kuwasha tena, taa yenye herufi hizo hizo itawaka kwenye dashibodi, na kuanzia hapo gari litavutwa na magurudumu ya mbele pekee. Kinachotokea ni kwamba kompyuta hupeleka umeme kwa mfululizo kwenye solenoidi, yaani vali ya umeme inayotawala klachi ya nyuma, solenoidi hiyo hupunguza shinikizo la hidroliki (mafuta ya giaboksi), na sahani huachiana. Waliolitengeneza gari waliweka tundu hilo kwa ajili ya siku dereva anapofunga tairi dogo la akiba, ambalo mzingo wake haulingani na mengine, ili aweze kufika kwa fundi wa matairi bila kuumiza klachi. Hawakukusudia mtu aendeshe hivyo mwaka mzima. Solenoidi inayopokea umeme bila kupumzika huungua mapema, na solenoidi hii ikifa, klachi hujibana moja kwa moja, nawe utabaki na ugonjwa ule ule ulioukimbia, safari hii ukiwa hauna swichi ya kuuzima.

Hata hivyo fyuzi hiyo ina faida moja kubwa kwako leo, nayo ni kukusaidia kujua ugonjwa uko wapi. Ichomeke, hakikisha taa imewaka, kisha zungusha gari kwa mwendo wa pole katika uwanja wa shule, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Ikiwa kujizuia kumekwisha kabisa, basi solenoidi inafanya kazi na sahani zinaachiana, na lawama inarudi kwenye matairi, kwenye hidroliki iliyochoka, au kwenye vipima mwendo vinavyoilisha kompyuta taarifa. Ikiwa gari bado linajizuia ilhali taa inawaka, solenoidi imekwama au sahani zimechimbika na kushikana, na hapo giaboksi itahitaji kufunguliwa upande wa nyuma. Kazi hiyo inaweza kufanywa bila kushusha giaboksi nzima, kwa hiyo usikubali kutozwa gharama ya kuishusha kabla hujamwuliza fundi kwa nini anaona ni lazima.

Kama hidroliki haijabadilishwa kwa muda mrefu, ibadilishe, lakini simama pembeni mwenyewe kazi inapofanywa. Katika Subaru za otomatiki za aina hii, hidroliki ya giaboksi na mafuta ya difu ya mbele (kisanduku cha meno kinachogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia) hukaa katika vyumba viwili tofauti, kila kimoja na kijiti chake cha kupimia na nati yake ya kumwagia. Kuna magari yaliyoharibika kwa sababu fundi alimwaga mafuta ya difu akidhani ni hidroliki, kisha akaongeza hidroliki mpya juu ya ile ya zamani ambayo haikuguswa. Difu ikabaki kavu, na giaboksi ikajaa kupita kiasi. Ukiona kilichomwagika ni kizito na kina harufu kali ya mafuta ya gia, mwambie fundi asimame hapo hapo.

Nabakia na pendekezo la fundi wa kwanza, la kutoa shafti. Katika Forester yako ya otomatiki gari litaondoka bila shafti, sikatai, kwa kuwa magurudumu ya mbele hupokea nguvu moja kwa moja. Lakini ncha ya shafti hiyo huingia ndani ya mkia wa giaboksi, na sili hushikilia hidroliki kwa kuizunguka ncha hiyo. Ukiichomoa shafti na kuacha tundu wazi, hidroliki itamwagika barabarani. Wapo mafundi wanaokata kichwa cha shafti ya zamani na kukirudisha kama kizibo. Ni ufundi wa kweli, ila kwa gari ambalo tatizo lake ni matairi mawili, ni sawa na kumkata mtu kidole kwa sababu pete imembana.

Petroli nayo isikushawishi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hupima magari ya aina moja yanayouzwa katika matoleo mawili, la magurudumu manne na la magurudumu ya mbele, na kwa Honda CR-V ya mwaka 2019 yenye injini ya lita 1.5 tofauti iliyotangazwa ilikuwa maili 30 kwa galoni kwa lile la mbele, dhidi ya maili 29 kwa lile la manne. Ukigeuza vipimo hivyo, utaona kwamba katika kilomita 1,000 moja hunywa lita 78 na jingine lita 81. Hizo lita 3 ni tofauti kati ya magari yaliyotoka kiwandani yakiwa mbalimbali, moja likiwa jepesi tangu kuzaliwa kwake. Wewe ukichomeka fyuzi tu, shafti, difu na mikono yake yote ya nyuma bado inazungushwa na magurudumu na uzito wake bado unaubeba, kwa hiyo huwezi kutarajia hata lita 3 hizo. Na nikifikiria udongo wa huko kwenu masika yanapokolea, na miteremko ya kuelekea mabondeni, sioni kwa nini uiache nguvu ya magurudumu ya nyuma kwa malipo madogo namna hiyo.

Nunua matairi mawili ya nyuma ya chapa na ukubwa ule ule wa yale ya mbele. Kama fedha haitoshi kwa sasa, tumia fyuzi kwa wiki chache, uendeshe kwa uangalifu kwenye tope, na uitoe siku utakapofunga matairi.

Swali: Nina Toyota RAV4 ya mwaka 2002, gia za mkono, chasi yake inaanza na ACA21. Difu ya nyuma inalia na gereji moja hapa Morogoro inataka kuondoa shafti ya nyuma ili niendelee na kazi zangu kwa magurudumu ya mbele. Rafiki yangu alifanya hivyo kwa gari kama langu, na gari likagoma kuondoka ingawa injini ilinguruma na gia ziliingia. Mafundi walimwambia klachi imekwisha. Je, ni kweli? — Mfanyabiashara, Morogoro

Jibu: Klachi ya rafiki yako huenda ilikuwa nzima kabisa. RAV4 ya umbo hilo, ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2005, ikiwa ya magurudumu manne huwa na difu ya kati inayogawa nguvu sawa kwa mbele na nyuma wakati wote. Difu ina tabia ya kupeleka mzunguko kule kusikokuwa na upinzani, jambo ambalo kila dereva amelishuhudia gurudumu moja linapozunguka bure kwenye tope wakati mwenzake limesimama. Ukiondoa shafti ya nyuma, unaifanya njia ya nyuma kuwa hilo gurudumu la kwenye tope. Mzunguko wote hukimbilia kwenye tundu lisilo na mzigo, na magurudumu ya mbele hayapati kitu cha maana.

Ndani ya mfumo huo kuna kaplingi ya viskasi, yaani sahani nyingi nyembamba zilizozama katika mafuta mazito ya silikoni, ambayo kazi yake ni kupinga pale upande mmoja unapouzidi mwingine kwa mwendo. Kwa sababu ya kaplingi hiyo, baadhi ya magari husogea kidogo hata yakiwa hayana shafti, na hapo ndipo watu hudanganyika kwamba mambo yamekaa sawa. Kaplingi hiyo iliumbwa kwa kazi ya sekunde chache. Ukiifanya iwe ndiyo inayolisukuma gari zima kutoka Msamvu hadi Mikumi, itachemka, na ikishachemka huharibika, ama kwa kuganda moja kwa moja ama kwa kupoteza nguvu yake yote.

Utasikia pia ushauri wa kuchomelea difu ya kati ili isigawe tena, kisha kutoa shafti. Gari litatembea. Lakini umeharibu sehemu ya ndani ya mfumo usiougua ili kuokoa difu ya nyuma ambayo ndiyo inayougua, na siku utakapotaka kurudisha shafti, gari litajizuia kwenye kila kona ya lami kwa sababu hakuna tena kinachomeza tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma. Magari ya Subaru ya gia za mkono yana mpangilio unaofanana na huu, na wenye magari hayo wachukue jibu hili kuwa lao.

Kwa hiyo tengeneza difu ya nyuma. Kwanza mwambie fundi aishushe na kuipima beringi zake, kwani mlio mara nyingi hutokana na beringi na si meno. Ikibidi kununua difu iliyotumika, uwiano wa meno yake lazima uwe sawasawa na wa ile uliyokuwa nayo. Kwenye kibati cha Toyota kinachobandikwa mwilini mwa gari kuna herufi na tarakimu zilizoandikwa pembeni ya neno AXLE, nazo ndizo zinazotambulisha difu hiyo. Mwenye duka akuonyeshe herufi za gari lilikotoka, na kama hawezi, hesabu meno ya difu zote mbili kabla ya kulipa. Difu yenye uwiano tofauti itafungika vizuri kabisa, boliti zote zitaingia, na katika safari ya kwanza ndefu itaua kaplingi ya kati.

Na kwa msomaji yeyote anayetaka RAV4 ya umbo hilo ivutwe na magurudumu ya mbele tangu mwanzo, lipo toleo lake: ni lile la injini ya lita 1.8, ambalo chasi yake huanza na ZCA. Ni afadhali kulinunua hilo kuliko kulibadilisha la ACA.

Swali: Honda CR-V yangu ya mwaka 2003 hunguruma upande wa nyuma ninapokata kona ya kubana wakati wa kuegesha. Nimeshauriwa kuondoa shafti. — Msomaji, Mwanza

Jibu: Badilisha mafuta ya difu ya nyuma kwanza. Difu ya CR-V hiyo ina pampu mbili na klachi ndani yake, na inahitaji mafuta maalumu ambayo Honda imeyatengeneza kwa ajili ya difu za pampu mbili. Ukiijaza mafuta ya kawaida ya gia, au ukiyaacha yale ya asili hadi yachoke, sahani za klachi hushika na kuachia kwa mtetemo, na huo ndio mngurumo unaousikia. Baada ya kujaza mafuta mapya, zungusha gari kwa mwendo wa pole mara kadhaa kushoto na kulia ili yafike katikati ya sahani. Mara nyingi kelele huisha siku hiyo hiyo.

Swali: Nissan X-Trail yangu ya mwaka 2005 ina swichi ya 2WD, yaani ya kuvutwa na magurudumu mawili. Nikiibonyeza, je, shafti ya nyuma inaacha kuzunguka? — Msomaji, Mbarali

Jibu: Haiachi. Kaplingi ya umeme iliyo mbele ya difu ya nyuma huacha kushika, lakini shafti bado inazungushwa kutoka mbele na difu inazungushwa na magurudumu. Itumie swichi hiyo kwenye lami kavu bila wasiwasi wowote, kwani ndiyo kazi yake, na uirudishe kwenye AUTO mvua inapoanza.

Swali: Mimi ni dereva wa Dodoma mjini, nina Corolla Fielder ya mwaka 2004 ya magurudumu manne. Fundi amegundua kwamba viskasi imeganda, na mpya sina uwezo wa kuinunua. Barabara zangu zote ni za lami. Je, na mimi unanikataza kutoa shafti? — Dereva, Dodoma

Jibu: Wewe sikukatazi, na nitaeleza kwa nini. Katika Fielder yako nguvu huenda moja kwa moja kwenye magurudumu ya mbele, na kaplingi ya viskasi imekaa kwenye mstari wa shafti, karibu na difu ya nyuma, ikisubiri magurudumu ya mbele yateleze ndipo ipeleke nguvu nyuma. Hakuna difu ya kati itakayotoroshea mzunguko kwingine. Kaplingi iliyoganda, kwa upande wake, inabana ekseli zote mbili wakati wote, na itakula matairi yako na hatimaye meno ya difu, kwa hiyo kuendelea kuiendesha jinsi ilivyo ni vibaya zaidi kuliko kuitoa.

Lakini kazi ifanywe kwa ukamilifu. Palipotoka shafti kwenye kiboksi cha mbele, kile kinachotoa nguvu kwenda nyuma, pazibwe kwa kizibo kinachokaa vizuri kwenye sili, na usawa wa mafuta ya kiboksi hicho upimwe baada ya wiki moja, kwa sababu meno yake bado yanazunguka hata yasipobeba mzigo. Difu ya nyuma ibaki na mafuta yake, kwani magurudumu yataendelea kuizungusha. Kama fundi atashauri kutoa pia mikono ya CV ya nyuma, inayounganisha difu na magurudumu, ili kupunguza uzito, mkatalie: katika magari mengi ncha ya mkono huo pamoja na nati yake ndiyo inayoibana beringi ya gurudumu, na ukiiondoa beringi huweza kuachana ukiwa safarini.

Ongea pia na kampuni yako ya bima, uwaandikie barua fupi ya kueleza badiliko hilo na ubaki na nakala. Mkataba wa bima humtaka mwenye gari aeleze kila jambo linalobadilisha hali ya gari, na mahali pa kulisema ni ofisini kwao, kabla ajali haijatokea. Vivyo hivyo, siku utakapoliuza, mnunuzi aambiwe kwa kinywa na kwa maandishi kwamba gari linavutwa na magurudumu ya mbele tu, maana anaweza kuwa anaishi Kondoa au Mpwapwa, mahali ambapo siku ya mvua atayategemea magurudumu manne.

Fundi atakapokuwa anafungua shafti, mwambie atie alama ya rangi kwenye kila kiungo, upande wa shafti na upande wa difu, ili siku utakapopata kaplingi irudi katika mkao ule ule iliokuwa nao. Shafti yenyewe uilaze mahali pakavu, vipande vyake vikiwa vimeungana, na beringi yake ya katikati uifunike isiingie vumbi.